Kwa Anayeanza Chuo cha Mifugo: Mjue Kwanza Mnyama Asiyeumwa

Leo nazungumza na kijana aliyepata barua ya kujiunga na chuo cha mifugo. Huenda barua yako inasema Tengeru, au Mpwapwa, au Buhuri kule Tanga. Huenda unapelekwa mbali na kwenu: Madaba mkoani Ruvuma, Mabuki mkoani Mwanza, Kikulula mkoani Kagera. Vyote hivyo, pamoja na Morogoro na Temeke, viko chini ya Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, LITA, na kozi ninayoizungumzia ni ile ya afya ya mifugo na uzalishaji. Aliyetoka kidato cha nne huanzia ngazi ya nne, hupanda ya tano, na akimaliza ya sita anatoka na stashahada. Wazazi nao wasogee karibu na redio, maana yamo yanayowahusu. Wafugaji ndio zaidi.

Neno langu ni hili: usiukimbize mwaka wa kwanza kuelekea kwenye sindano. Vijana wengi wanaingia chuoni wakiwa na hamu ya chupa na bomba. Wamemwona bwana mifugo kijijini kwao akifika na pikipiki, anafungua mkoba, anachoma, analipwa, anaondoka. Wakadhani kazi yenyewe ndiyo hiyo. Kuchoma sindano hufundishika kwa muda mfupi. Kujua kama sindano inahitajika, na ya dawa gani, ndiko kunakokula miaka. Na mtu anayejua kuchoma bila kumjua mnyama ni hatari kwa mfugaji kuliko yule asiyejua lolote, kwa sababu yeye ataaminiwa.

Basi anza na ng'ombe asiyeumwa. Joto lake ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Mbuzi yuko juu yake kidogo. Kuku anakaa kwenye 41 hivi, joto ambalo mtoto wa binadamu akiwa nalo mama yake anamkimbiza zahanati usiku huohuo. Mapigo ya moyo ya ng'ombe mkubwa aliyetulia ni kama 60 hadi 80 kwa dakika. Sasa simama upande wake wa kushoto, nyuma ya mbavu, pale penye kishimo chini ya mgongo. Kandamiza ngumi yako hapo na usubiri. Tumbo kubwa linajikunja na kuisukuma ngumi, mara moja au mbili kila dakika. Ukikaa dakika tano bila kusukumwa, una habari nzito ya kumpelekea mwalimu wako, na hujatumia kifaa chochote zaidi ya mkono na saa.

Kabla ya hayo yote, mtazame kwa mbali akiwa hajashtuka. Anacheua? Masikio yanacheza au yamelala? Pua ina unyevu? Amejitenga na wenzake? Mkojo una rangi gani, mavi yakoje, miguu yote minne inabeba uzito? Wanyama wanaowindwa porini huficha udhaifu wao mbele ya adui, na ng'ombe hajaiacha tabia hiyo. Watu wakishamzunguka kwa kelele hukaza mwili na kuinua kichwa, ukamwona mzima kumbe anaumwa. Kwa hiyo dakika kumi unazosimama nje ya zizi na daftari, wenzako wakikushangaa, ndizo dakika zenye faida kubwa kuliko zote utakazotumia pale.

Baada ya macho yanakuja mikono, na hapa ndipo watoto wa mjini wanapotokwa na jasho. Ng'ombe anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa, kwa hiyo usimjie kimyakimya kutokea huko. Mjie ubavuni, kuelekea begani, ukimsemesha kwa sauti ya chini, umtangulizie kiganja. Teke lake hutoka mbele, likazunguka pembeni. La punda hurushwa nyuma moja kwa moja. Jifunze kufunga hatamu ya kamba. Jifunze fundo linalofunguka kwa kuvuta ncha moja, kwa sababu mnyama akianguka akiwa amefungwa fundo la kudumu atajinyonga mbele ya macho yako huku wewe ukihangaika na kucha. Jifunze kumlaza fahali kwa kamba ndefu inayozungushwa kifuani na kiunoni, aanguke polepole upande mliokubaliana. Katika chuo chenye kibanio kizuri utaviona hivi kama mambo ya kizamani. Subiri ufike kijiji kisicho na kibanio, wala mti wa maana wa kufungia.

Nataka nikae kidogo kwenye hili la mtoto wa mjini na mtoto wa mfugaji, maana kila darasa linao wote wawili na kila mmoja anamwonea mwenzake wivu. Yule wa mjini amefaulu Biolojia na Kemia vizuri, ila hajawahi kushika mkia wa ng'ombe. Wa Simanjiro au wa Meatu ameanza kuchunga ndama kabla hajajua kuandika. Anamjua mnyama aliyelala vibaya kwa kumtupia jicho mara moja tu. Lakini huyu naye analo la kuacha mlangoni: mazoea ya kununua dawa dukani na kukisia kipimo kwa macho, kama alivyoona nyumbani. Kwa maoni yangu vyuo vingefanya vyema kuwapanga wawiliwawili tangu wiki ya kwanza, mmoja wa zizini na mmoja wa vitabuni, washike kipima joto kimoja.

Na wote wawili wawe na heshima kwa ujuzi wa wafugaji. Wamasai wa kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya wamekuwa wakiwahamisha ng'ombe wao kutoka kwenye malisho ambako nyumbu wanazaa, miezi ya mwanzo wa mwaka, hata pale ambapo nyasi za huko ndizo nzuri kuliko zote. Maabara zilikuja kuthibitisha baadaye: ndama wa nyumbu hutoa kirusi ambacho hakiwadhuru wao, kikimpata ng'ombe kinamuua. Ukifika bomani na cheti chako ukamkuta mzee anakwambia, "Mwanangu, huyu alianza kulegea juzi jioni, kabla ya kunywa maji," andika kila neno.

Sasa tuchukue ugonjwa mmoja tuone haya yanavyofanya kazi. Ndigana kali. Hakuna ugonjwa utakaouona zaidi katika maeneo mengi ya nchi hii, na ndama ndio unaowamaliza. Unaletwa na kupe wa kahawia, yule anayependa kukaa masikioni. Robert Koch, Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alikuwa Dar es Salaam mwishoni mwa karne ya 19 akichunguza damu ya ng'ombe, na hadi leo vile vidoa unavyovitafuta kwenye hadubini kwa ugonjwa huu vinaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo mwanafunzi wa Temeke anayepaka kioo chake rangi na kuinamia hadubini anaendeleza kazi iliyoanzia katika jiji lilelile.

Dalili ya kwanza unaiona kwa vidole. Tezi iliyo chini ya sikio inavimba, na ile iliyo mbele ya bega inafuata. Joto linapanda hadi nyuzi 40, 41, pengine zaidi. Mnyama bado anakula kidogo, na mwenye mali bado hana wasiwasi. Siku hizo za mwanzo ndizo za kumwokoa, kwa sababu dawa maalumu za ndigana zinafanya kazi vizuri mapema. Ukingoja mpaka apumue kwa shida na povu litoke puani, mapafu yamejaa maji, na wengi wa hali hiyo hawarudi.

Dukani kuna dawa moja ambayo karibu kila mfugaji anayo, oksitetrasaiklini. Anaichoma kwa kila kitu. Katika ndigana baridi, ambayo nayo huletwa na kupe lakini kijidudu chake ni kingine kabisa, dawa hiyo inatibu. Katika ndigana kali iliyokwisha kuonyesha dalili haitibu. Basi ndama anachomwa leo, anangojwa, anachomwa tena keshokutwa, na siku tatu za thamani zimekwisha. Kinachotenganisha magonjwa haya mawili zizini, kabla ya maabara, ni mambo ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuyafanya: papasa tezi, pima joto, fungua mdomo utazame ufizi kama umepauka, uliza mavi yakoje. Ndigana baridi humfanya ng'ombe apungukiwe damu na mavi yake yawe makavu. Tezi zake kwa kawaida hazivimbi vile. Papasa tezi za wanyama wazima wengi uwezavyo, wa zizi la chuo, wa majirani, wa machinjioni. Bila hivyo siku utakayokutana na iliyovimba hutajua kwamba imevimba.

Dawa hiyohiyo, oksitetrasaiklini ya kukaa mwilini muda mrefu, ina kazi ya heshima mahali pengine. Katika chanjo ya ndigana kali ndama hupewa vimelea hai vya ugonjwa wenyewe na papo hapo akachomwa dawa hiyo, hivyo anaumwa kidogo tu na kubaki na kinga. Vimelea hivyo hutunzwa katika naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, kwenye mtungi kama ule wa mbegu za uhimilishaji. Wafugaji wa kaskazini wameipokea chanjo hii kwa wingi, na ndama aliyechanjwa unamjua kwa hereni ya plastiki sikioni. Utajifunza kuushika mtungi huo. Naitrojeni ikikumwagikia inaunguza kama moto, na mtungi ukiachwa ukauke kila kilichomo kimekufa, hata kama kwa nje unaonekana vilevile.

Niseme sasa juu ya usalama wako, na hapa naomba wazazi wanisikilize. Kazi hii inaweza kuua. Ng'ombe aliyekufa ghafla, tumbo likavimba haraka, damu ikatoka puani au nyuma na isigande: usimpasue. Hata kama mwalimu amewaambia uchunguzi wa mzoga ndio shule, hata kama kijiji kizima kimesimama na visu kinangoja nyama. Hiyo inaweza kuwa kimeta. Ukipasua, vijidudu vinapata hewa, vinajivika gamba na kukaa ardhini miaka na miaka, vikingoja ng'ombe wengine waje kula nyasi mahali hapo. Mzoga unazikwa chini sana pamoja na ngozi yake au unachomwa moto, na taarifa inapelekwa.

Ng'ombe mwingine atadondosha mate na kulia kwa sauti ya kukwaruza, mwenye mali atakwambia amekwama na mfupa au embe kooni. Mkono wako utataka kuingia mdomoni kukitoa kilichokwama. Usiuingize. Kichaa cha mbwa kinampata ng'ombe pia, na hivyo ndivyo kinavyoonekana. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kabla hujaanza mafunzo ya vitendo, uliza chuo kuhusu chanjo ya kujikinga na kichaa. Ikibidi familia ichange, ichange. Ni heri kuchelewa kununua simu mpya.

Kusaidia uzazi, kutoa kondo lililokwama, kuokota kijusi kilichotupwa: glovu ndefu, kila mara. Ugonjwa wa kutupa mimba unaingia kwa njia hiyo na kwa maziwa mabichi, na mtu akiupata anaweza kukaa miezi na homa zinazokuja na kwenda huku akitibiwa malaria. Mvua kubwa za mwisho wa 2006 zilipoleta homa ya Bonde la Ufa Kenya na Tanzania, waliokuwa hatarini zaidi walikuwa wale wanaogusa damu na mimba zilizoharibika za mifugo. Sisemi haya ili ukimbie. Nasema ili siku glovu zikikosekana kwenye stoo ya chuo uwe na ujasiri wa kuinua mkono na kusema, mwalimu, leo hatuwezi kufanya zoezi hili.

Hesabu nazo zina watu wake wa kuzikimbia, nami nasema hapana. Dawa ya asilimia 10 ina miligramu 100 katika kila mililita moja. Tuseme kipimo ni miligramu 10 kwa kila kilo ya mnyama. Ng'ombe wa kilo 300 anahitaji miligramu 3,000, yaani mililita 30, na hazichomwi zote mahali pamoja. Chupa ya jirani yake rafuni ni ya asilimia 20; asiyesoma lebo akavuta mililita zilezile ametoa dawa mara mbili ya aliyokusudia. Na hizo kilo 300 umezijuaje? Kuna utepe wa kuzungusha kifuani unaokadiria uzito. Ukikisia kwa jicho ukapunguza, vijidudu vilivyobaki hai vinajifunza kuizoea dawa, na kijiji kizima kitakuja kulilipia kosa hilo.

Halafu kuna maziwa. Lebo inasema siku ngapi maziwa yasinywewe wala yasiuzwe baada ya sindano. Hapa kazi yetu inaingia jikoni kwa mtu. Mama ana ng'ombe mmoja, ndiye ada, ndiye chumvi na sabuni, nawe unamwambia amwage maziwa ya siku kadhaa. Ukilisema kwa haraka huku unapanda pikipiki, hatamwaga. Kaa chini. Mweleze kwa nini, mwambie ni siku ngapi, umwandikie tarehe kwenye karatasi, na usiogope kumtajia dawa yenye siku chache kama ipo na inafaa. Katika kaya nyingi anayekamua ni mama au binti, na yeye ndiye wa kwanza kujua kwamba maziwa yamepungua. Hii ni sababu moja kubwa ya kuwataka mabinti katika vyuo hivi. Afisa mifugo mwanamke anaingia hadi jikoni na kuambiwa mambo ambayo mwanamume angeyakosa. Mzazi unayesita kumpeleka binti yako eti kazi ya ng'ombe ni ya nguvu: kazi hii inafanywa kwa kamba, kibanio na akili, wala hakuna mwanamume anayemshinda fahali kwa misuli.

Ukimaliza, wafugaji watakuita daktari. Pokea heshima hiyo kwa adabu, lakini kumbuka sheria. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari, nayo inakutaka uandikishwe na ufanye kazi kama mtaalamu msaidizi, chini ya usimamizi wa daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Yako mambo utakayoyafanya mwenyewe, na yako ya kumpigia simu mkubwa wako. Usione aibu kupiga simu.

Wala usidhani kwamba msaidizi ni mdogo. Sotoka ilipoingia Afrika Mashariki miaka ya 1890 ilifagia ng'ombe na nyati, na njaa ikafuata kwa wafugaji. Chanjo iliyokuja kuishinda ilitengenezwa na Walter Plowright pale Muguga, Kenya. Ila chanjo haitembei yenyewe. Ilibebwa hadi Karamoja na kusini mwa Sudan, mahali ambapo gari halikufika, na wafugaji waliofundishwa kuchanja mifugo yao wenyewe, baada ya kupatikana aina inayovumilia joto. Mwaka 2011 dunia ilitangaza sotoka imetokomezwa, ugonjwa wa pili katika historia baada ya ndui. Madaktari wenye shahada peke yao wasingeimaliza.

Ukitaka pa kuanzia likizo ya kwanza, anza na kuku wa majirani. Chanjo ya mdondo ya kudondosha jichoni ni tone moja, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Mwombe afisa mifugo wa kata akusimamie, muipange siku moja kwa mtaa mzima kwa sababu chupa ikishafunguliwa haiwekwi, na uandike idadi ya kuku wa kila nyumba.

Nanyi wafugaji, wanafunzi hawa watakuja kwenu kwa mafunzo ya vitendo. Watakuwa na ovaroli mpya na maswali mengi, na watamshika ndama wako kwa woga. Waruhusuni. Waonyesheni tezi, kupe, jino la ng'ombe mzee, nyayo za mnyama anayechechemea. Nazo halmashauri zinazowapokea baada ya kuhitimu ziwape kibanio, sanduku la kutunzia chanjo kwenye baridi, na mafuta ya pikipiki. Bila hivyo tumemsomesha kijana miaka mitatu tukamweka akae ofisini, na ndama wa ndigana atakufa kilomita ishirini kutoka pale alipo.